Kinu Kilichoposa Ukindu: Namna ya Kutunga Mashairi Yasiyo na Maana

Mtu aliyekulia katika nyumba yenye hadithi za usiku hahitaji kuhubiriwa kwamba maneno yasiyo na maana yanaweza kuwa matamu, kwa sababu alilipata somo hilo kabla hajajua kusoma. Msimulizi alisema "Paukwa", watoto wakaitika "Pakawa", kisha yakamiminika maneno ambayo hutofautiana kidogo mahali na mahali, lakini ambayo wengi tuliyasikia hivi: "Kaondokea chanjagaa, kajenga nyumba kakaa, mwanangu mwana siti, kijino kama chikichi, cha kujengea kikuta na vilango vya kupitia." Sikumbuki mtoto hata mmoja aliyemkatiza msimulizi ili aulize jino linajengaje ukuta. Sote tulikariri, na wengine wetu mpaka leo tunaweza kuyasema maneno hayo pasipo kukosea hata silabi moja, ilhali mafunzo mengi ya hadithi zenyewe tumekwisha kuyasahau.

Ukiyatazama kwa jicho la fundi utaona kwamba hayakutupwa ovyo. "Chanjagaa" imepata mwenzake wa sauti katika "kakaa". "Kijino", "kikuta" na "vilango" vyote vimewekwa katika umbo la udogo, hata msikilizaji akajikuta ndani ya dunia moja ndogo yenye vipimo vinavyolingana, ingawa hajui ni dunia gani. Sarufi nayo haina kasoro yoyote, kwa maana kijino ni *cha* kujengea na vilango ni *vya* kupitia. Kilichoachiliwa ni maana peke yake. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo: anayetunga upuuzi kwa Kiswahili huilegeza kamba ya maana, lakini kamba za ngeli, mizani na vina huzikaza kuliko hata mtunzi wa shairi la kawaida. Akizilegeza zote kwa pamoja hupata fujo, na fujo haichekeshi zaidi ya mara moja.

Shairi la upuuzi pia lisichanganywe na fumbo wala kitendawili. Kitendawili kina jibu na fumbo lina mlengwa, bali upuuzi hauna kilichofichwa, na mtunzi asijitie kuwa nacho.

Zoezi jepesi la kuanzia ni kukata methali katikati na kuzibadilishana mikia. Chukua "Mtaka cha mvunguni sharti ainame" na "Mchumia juani hulia kivulini", kisha pachika mkia wa moja kwenye kichwa cha nyingine. Utapata "Mtaka cha mvunguni hulia kivulini" na "Mchumia juani sharti ainame". Fanya hivyo kwa "Haba na haba hujaza kibaba" na "Haraka haraka haina baraka", nawe utapata "Haraka haraka hujaza kibaba", kauli ambayo madereva wa daladala na matatu wangeikubali bila kusita. Hapo ndipo utakapogundua tatizo la zoezi hili, ambalo pia ni raha yake: akili ya binadamu haivumilii sentensi tupu, hivyo mara tu methali iliyovunjwa inapokaa sawasawa kisarufi, msikilizaji huanza kuitafutia hekima. Mchumia juani ni kweli huinama. Methali za namna hiyo zitenge, kwa kuwa zimekuwa methali halisi, na ubaki na zile zinazoyumba kati ya maana na kutokuwa na maana. Fanya kumi au kumi na tano, mpaka sikio lako lianze kutofautisha mkia uliokaa na mkia ulioning'inia.

Baada ya hapo tengeneza kadi. Mwaka 1920 mshairi Tristan Tzara, mmoja wa viongozi wa kundi la wasanii wa Ulaya lililojiita Dada, alitoa maelekezo ya kutunga shairi kwa kukata makala ya gazeti neno kwa neno, kuyatia maneno hayo mfukoni, kuutikisa mfuko polepole, na kuyanakili kwa mpangilio yanavyotoka. Nimewahi kuyajaribu maelekezo hayo kwa gazeti la Kiswahili, nami nakushauri usijisumbue. Katika lugha yetu neno halitembei peke yake, bali hubeba kiambishi cha bwana wake. Ukichomoa "vilivyonunuliwa" na kuliweka karibu na "mwenyekiti", huna shairi bali una kosa la mtihani. Isitoshe, robo nzima ya mfuko wako itakuwa ni "wa", "ya", "kwa" na "la", na chembe hizo zikikosa majina ya kushikamana nayo hazina ladha yoyote.

Kadi zako kwa hiyo zisiwe na maneno kamili, isipokuwa majina. Chukua karatasi ngumu, hata maboksi ya sabuni yanafaa, ukate vipande vya ukubwa wa kiberiti na kuvigawa katika vikapu vinne. Katika kikapu cha kwanza tia majina, yasiyopungua 40, yakitoka katika ngeli zote: kinu, ungo, mwavuli, jogoo, ufagio, jiwe, chumvi, mlango, pilipili, wembe. Katika cha pili tia mizizi ya vivumishi, ikiwa na kistari mbele yake: *-vivu, -choyo, -aminifu, -zee, -kavu, -pole*. Cha tatu ni cha mizizi ya vitenzi, nacho kikapu hiki nitakirudia. Cha nne ni cha mahali: darini, bandarini, mvunguni, sokoni, kisimani, ukumbini. Toa jina, kivumishi, kitenzi, jina la pili na mahali, kisha ndipo uvishe viambishi. Ikiwa umepata *kinu, -vivu, -posa, ukindu* na *darini*, utaandika "Kinu kivivu kiliposa ukindu darini." Ikiwa umepata *ungo, -aminifu, -dai, pilipili* na *bandarini*, utaandika "Ungo mwaminifu umeidai pilipili bandarini." Tazama jinsi ngeli inavyofanya kazi ya gundi. Maneno hayo hayakuwahi kukutana, lakini mara tu *ki-* ya kinu ilipopita katika kivumishi na kitenzi, yakawa ukoo mmoja.

Si kila mchoto wa kadi utakaofaa. "Samaki mkavu alilala sokoni" ni habari tu, tena ya kila siku, kwa kuwa maneno yake yanajuana tangu zamani. Yakiwa mbali mno nayo hayaonani kabisa, na msomaji hupita bila kugutuka. Umbali unaofaa ni ule ambao vitu viwili vinaweza kukaa katika nyumba moja lakini havijawahi kupewa sababu ya kusemeshana. Kinu na ukindu vyote vimo katika nyumba za pwani: kimoja ni cha kutwangia, na kingine husukiwa mikeka. Kuvitia katika mambo ya posa kunachekesha kwa sababu msomaji anavifahamu vyote viwili kwa mikono yake. Ndiyo maana majina ya kikapu cha kwanza yawe ya vitu vinavyoshikika. Maneno kama "changamoto", "uwezeshaji", "mikakati" na "mchakato" usiyatie kamwe. Hayo yamechanganywa kiholela katika hotuba nyingi mno kiasi kwamba hayawezi tena kumshangaza mtu, na shairi la upuuzi lisishindane na ripoti ya semina.

Sasa turudi kwenye vitenzi, kwani humo ndimo mambo yote yanapoamuliwa. Kitenzi cha mwendo au cha hali, kama vile *-anguka, -lala, -simama*, hukubali mtenda yeyote na kwa hiyo hakileti mshtuko. Kitenzi chenye nguvu ni kile ambacho kwa desturi hudai mtu mwenye akili, haki na aibu: *-posa, -dai, -apa, -samehe, -shitaki, -kopesha, -rithi, -kana, -nung'unika*. Ukimpa ufagio kitenzi cha kurithi, msomaji ataanza mwenyewe kuuliza nani aliyekufa na mali ilikuwa kiasi gani, na hapo umeshamwingiza ndani. Mimi hutoa robo tatu ya kadi za kikapu cha tatu kwa vitenzi vya namna hii, na zilizobaki naziacha ziwe za kawaida ili sentensi zipate mahali pa kupumzika.

Linajitokeza swali ambalo watunzi wachanga hulikosea. Kinu kinapoposa, je, tuseme "kinu kiliposa" au "kinu aliposa"? Katika hadithi za wanyama tunasema "Sungura akacheka" bila shida, kwa sababu watu na wanyama wamo katika ngeli ya A-WA tangu asili. Kwa vitu visivyo na uhai shauri langu ni thabiti: vibaki katika ngeli zao. Kiambishi *ki-* ndicho kinachomkumbusha msomaji kila hatua kwamba mchumba huyu ni gogo lililochongwa, na ukikiondoa umegeuza upuuzi kuwa hadithi ya kawaida yenye mhusika mwenye jina la ajabu. Mwaka 1957 mwanaisimu wa Marekani, Noam Chomsky, alitoa sentensi mashuhuri ambayo kwa Kiswahili tunaweza kuisema "Mawazo ya kijani yasiyo na rangi hulala kwa ghadhabu", akikusudia kuonyesha kwamba sentensi inaweza kukamilika kisarufi hali haina maana. Jaribu kuisoma kwa kuvuruga viambishi vyake, useme "mawazo vya kijani lisilo na rangi hulala", nawe utaona jinsi kicheko kinavyogeuka kuwa usumbufu.

Mkiwa wengi, mchezo wa karatasi ya kukunja unafaa zaidi kuliko kadi. Washairi wa Ufaransa walioitwa wasurrealisti waliucheza mjini Paris katikati ya miaka ya 1920: kila mmoja aliandika neno lake, akaikunja karatasi ili lisionekane, akampa mwenzake. Sentensi iliyoupa mchezo huo jina lake ilikuwa na maana ya "Maiti mrembo atakunywa mvinyo mpya." Sisi tukiucheza vivyo hivyo tutakwama katika neno la pili, kwa kuwa atakayeandika kivumishi hawezi kukivisha kiambishi bila kulijua jina lililofichwa. Kuna njia mbili za kuokoka. Ya kwanza ni kila mtu kuandika mzizi tu, kisha mmoja wenu, ambaye afadhali awe yule mwenye kuheshimu sarufi kuliko wote, afungue karatasi na kuisoma kwa sauti huku akivisha viambishi papo hapo. Ya pili, ambayo naipenda zaidi, ni mwandishi wa jina kuandika ngeli yake juu ya mkunjo, kwa mfano "KI-VI" au "LI-YA", ili wanaofuata wajue umbo pasipo kujua kitu. Mchezaji anayeandika "kilichokopa" bila kujua kama kilichokopa ni kiatu, kijiji au kifaru cha vita huandika kwa uhuru ambao hawezi kuupata peke yake mezani.

Ukiisha kuwa na sentensi kumi au ishirini unazozipenda, nenda kwenye ubeti. Mimi hupendelea tarbia, yaani ubeti wa mishororo minne yenye vipande viwili vya mizani minane kila kimoja, kwa sababu umbo hilo limezoeleka kwa mawaidha, mapenzi na malumbano ya magazetini, na hivyo sikio hutarajia kuambiwa jambo zito. Upuuzi hupendeza ukivaa kanzu iliyopigwa pasi. Chagua desturi moja ambayo kila mtu anaijua mpangilio wake, kama vile harusi, kesi, safari au mazishi ya chifu, uiache mifupa yake kama ilivyo, kisha ubadilishe nyama. Huu hapa ubeti uliotokana na ule mchoto wa kinu na ukindu:

Kinu kimesuka shungi, chaposa bibi ukindu,
Mahari makumbi mengi, na meno saba ya mundu,
Shahidi wao mtungi, kavaa joho jekundu,
Lakini kungwi ni ngazi, imekataa kushuka.

Posa, mahari, shahidi na kungwi vyote vimo, tena kwa utaratibu unaokubalika, na ni wahusika tu walioingia kwa mlango usio wao. Hesabu mizani kwa vidole: *ki-nu-ki-me-su-ka-shu-ngi* ni minane, na *sha-hi-di-wa-o-m-tu-ngi* pia ni minane, kwa kuwa *m* ya "mtungi" husimama kama silabi kamili. Katika kipande cha pili cha mshororo wa kwanza, usemi wa kila siku ungetaka "champosa", lakini mizani ingezidi mmoja, na kubana mahali kama hapo ni ruhusa ambayo washairi wameitumia siku zote. Shahidi amepata "kavaa" kwa sababu cheo chenyewe ni cha mtu, na hapo kanuni yangu ya ngeli imevunjwa kwa makusudi mara moja tu.

Kuhusu vina nitasema zaidi kidogo, maana hapa lugha yetu ina mtego wake. Kwa kuwa karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, kina cha silabi kama *-ka* hupatikana kila upande, na vitenzi vya *-ika* na *-eka* peke yake vinaweza kukufikisha ubeti wa mia. Lakini kitu kinachopatikana kwa urahisi hakiwezi kukushangaza, na mtunzi aliyechagua *-ka* hatimaye huandika orodha ya vitenzi. Chagua kina kigumu. Nilipochagua *-ndu* nilibaki na maneno machache sana, na katika uchache huo ndipo mundu ulipotokea. Sikuwa na nia yoyote ya kupeleka mundu harusini, wala nisingefikiri kutoa meno yake kama mahari. Kina ndicho kilichouleta mlangoni, nami nikautafutia kiti. Hiyo ndiyo nafasi halisi ya bahati katika kazi hii: kadi hukupa mwanzo, kisha vina huendelea kukutumia wageni usiowaalika. Usiwafukuze kwa kubadilisha kina kila unapobanwa.

Maneno ya kubuni ni kitoweo, si chakula. Kiswahili kinakurahisishia kazi hii kupita lugha nyingi, kwa sababu viambishi na minyambuliko vitamwongoza msomaji hata pale ambapo mzizi haujulikani. Soma sentensi hii: "Kishwangalo kimoja kilimshwangalia mdurumbi hata mdurumbi akashwangalika." Hakuna ajuaye kushwangalia ni nini, lakini kila msomaji anaweza kujibu nani alitenda, nani alitendewa, na kwamba vishwangalo vingine vipo mahali fulani. Neno lako la kubuni ni zuri ikiwa maswali hayo yanajibika. Lifuate muundo wa silabi zetu, lisigongane na neno lililopo, na kabla ya kulitumia muulize mtu wa mkoa mwingine, kwa maana pwani na bara zina lahaja na lugha jirani nyingi, na neno ulilodhani umelizua jana huenda ni tusi la miaka mingi katika kijiji cha msikilizaji wako.

Kuna hazina nyingine ambayo haihitaji kubuni chochote, nayo ni tanakali na viigizi vya kukazia. Maneno haya yameoana kwa mke mmoja mume mmoja: giza ni totoro, kulala ni fofofo, kujaa ni pomoni, nyeusi ni tititi, nyeupe ni pepepe. Yabadilishe ndoa zake, useme giza lilikuwa pepepe, ndoo ikajaa fofofo, na mtoto akalala pomoni. Mtoto wa miaka mitano atacheka kabla hujamaliza sentensi, kwa kuwa anajua fika nani ameibiwa mwenzake.

Mchezo wa kinyume, ambao silabi ya mwisho hupelekwa mbele hata "kitabu" kikawa "bukita", unaweza pia kukupatia majina ya wahusika. Kazi hugeuka kuwa zika, mali ikawa lima, na sita ikawa tasi, ambaye ni samaki. Baba, mama, kaka, dada na bibi hawageuki hata ukiwapindua mara mia, bali babu peke yake huugua buba. Ubeti mzima unaweza kujengwa juu ya msiba huo wa babu.

Anayependa kamusi ajaribu kanuni ya mshairi Jean Lescure wa kundi la waandishi liitwalo Oulipo, lililoundwa Ufaransa mwaka 1960: chukua kifungu chochote, na kila jina ulibadilishe kwa jina la saba linalolifuata katika kamusi. Kwetu kanuni hii ina neema isiyotarajiwa. Kamusi zetu, *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* ikiwemo, huorodhesha majina pamoja na viambishi vyake, hivyo ukihesabu saba kutoka "kitabu" bado utakuwa miongoni mwa maneno ya *ki-*, na mara nyingi hutalazimika kugusa kitenzi wala kivumishi. Katika herufi M uwe macho, kwa sababu watu na miti hukaa humo pamoja. Tangazo la mkutano wa kijiji au maelezo ya kutumia jiko la gesi hufaa zaidi kuliko shairi, maana kadiri kifungu kinavyojiamini ndivyo kinavyoanguka vizuri.

Kazi ikiisha kuandikwa isomwe kwa sauti, na isomwe kwa uso mkavu. Msomaji anayecheka kabla ya wasikilizaji amewanyang'anya haki yao. Weka alama mahali ulimi ulipokwama, kwa kuwa mara nyingi hapo mizani imepungua au ngeli imeteleza. Kata pia maelezo yoyote uliyoyatia kwa hofu ya kutoeleweka, kama vile "yaani" na "kana kwamba", na hasa ule mshororo wa kufichua kwamba yote yalikuwa ndoto. Beti nne au tano zinatosha. Kufikia ya sita msikilizaji ameshaizoea dunia yako, na kinu kinachoposa kimeanza kuonekana kama kijana yeyote wa mtaani mwenye shida ya mahari. Ukiulizwa shairi lina maana gani, mwambie aliyeuliza achote kadi tano.